Kreti Haikai Chini: Risala ya Wapakizi wa Gatini kwa Mkurugenzi wa Reli

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Reli. Mkuu wa stesheni yetu. Wazee wetu wakulima mliovuka ziwa leo mkiwa mmekalia mizigo yenu wenyewe. Mabaharia wa boti, wasukuma mikokoteni na wageni waalikwa: shikamooni mnaostahili, na wengine wote hamjambo.

Sisi ni wapakizi wa gatini na stesheni. Mimi ninayesoma ni katibu wao. Sikuchaguliwa kwa uzuri wa mwandiko. Nilichaguliwa kwa sababu sauti yangu inasikika hata injini ya boti ikiwa inanguruma, na kama unavyosikia, inanguruma.

UKARIBISHO

Karibu sana, mheshimiwa. Kiti ulichokalia kimetoka ofisini kwa mkuu wa stesheni. Zulia limetoka sebuleni kwa mwenyekiti wetu, na mumewe ameomba lirudi bila tope. Mwenyekiti ndiye yule mama aliyevaa gauni la sherehe na buti za mpira. Sisi tunamwita Kamanda. Ameahidi kukaa kimya mpaka risala iishe, na sisi tunaomjua tunasubiri kuona.

Tumefurahi mno kukuona. Tulisikia kwamba huko makao makuu kituo chetu kinaitwa "kile kinachochelewesha treni". Wewe hukutosheka na maneno ya kusikia, umekuja kujionea kwa macho yako. Kwa hilo peke yake tunakushukuru kabla hatujaomba chochote.

TULIKOTOKA

Zamani mazao ya ng'ambo ya ziwa yalikwenda bandarini kwa lori, yakilizunguka ziwa zima kwa barabara ya mashimo. Stroberi ziliondoka shambani zikiwa matunda, zikafika zikiwa jemu. Nyanya zilifika zikichuruzika. Dereva alimlaumu mkulima, mkulima akamlaumu dereva, na mnunuzi akawalaumu wote wawili kisha akaacha kupokea simu zao. Wakulima wengi waling'oa stroberi wakapanda miti ya mbao, kwa kuwa mbao haziozi njiani.

Ndipo mabaharia, wasukuma mikokoteni na sisi wapakizi tukakaa kikao katika banda la samaki. Tukakubaliana kwamba boti ikate ziwa badala ya lori kulizunguka, mkokoteni upandishe mzigo kutoka gatini, treni iupeleke bandarini, na meli imalizie. Shirika lako likatupa behewa moja la baridi nyuma ya treni ya abiria, pamoja na ruhusa ya treni hiyo kusimama hapa kwa majaribio ya msimu mmoja.

Hatukuanza vizuri, tusikudanganye. Tulipanga ndizi mbivu pamoja na mboga za majani, na mboga zikafika manjano kuliko ndizi. Barafu ya samaki ikayeyukia kwenye uyoga. Wakulima walileta nyanya kwa matenga, gatini tukazihamishia kwenye magunia, stesheni tukazihamishia kwenye maboksi, na kila tulipohamisha tulizichubua. Mnunuzi alituuliza kama tulikuwa tunazichezea mpira.

MAFANIKIO

Sasa sikiliza tulipofika, mheshimiwa.

Seremala wetu alipima boti, akapima mkokoteni, akapima behewa, akatengeneza kreti ya aina moja inayokaa sawasawa kote. Mkulima anaifunga shambani, na hakuna anayeifungua tena isipokuwa mnunuzi. Fundi wa majokofu, kijana msomi tuliyempa jina la Baridi, alitufundisha kipi kisikae na kipi. Akatujengea chumba chenye kuta za mkaa unaomwagiwa maji, ili mazao yapoe kabla ya kupanda treni. Mwanzoni tulimcheka. Tulidhani anataka kuchoma mahindi.

Juu ya hayo tukaweka sheria yetu wenyewe: kreti haikai chini. Kutoka kwenye mkokoteni hadi ndani ya behewa inapita mikononi, mtu kwa mtu, kwa sababu treni haisimami hapa kwa muda wa kutua mzigo na kupumua. Ukichoka, jirani yako anapokea. Ukitaka kupiga chafya, vumilia.

Sheria hiyo imetuingia damuni. Mwenzetu mmoja, aliyesimama pale mwisho wa safu akijificha, alikabidhiwa mjukuu wake wa kwanza hospitalini. Akampokea vizuri, akageuka, akampitisha kwa nesi, kisha akanyoosha mikono kungoja mwingine. Wifi yake akamwambia, "Wifi, mzigo umeisha! Ni huyo huyo tu!" Mtoto yuko salama, na mama yake ameshasamehe.

Mnunuzi aliyekuwa hapokei simu, siku hizi anapiga yeye. Alitutumia ujumbe wa sauti tukausikiliza gatini wote tukiwa tumezunguka simu moja: "Jamani, hizi stroberi zimelala wapi? Mbona zimeamka vizuri hivi?" Tuliruka kama watoto. Baharia mmoja alirukia majini na viatu vyake.

Na treni, mheshimiwa? Msimu mzima haijaondoka hapa ikiwa imechelewa kwa sababu yetu, hata siku ile ya mvua mkokoteni ulipovunjika ekseli na kreti zikapandishwa kilima chote kwa mikono. Muulize mkuu wa stesheni. Huyu hatupendelei hata kidogo, mwezi uliopita alitufokea kwa kuimba. Tumeshinda, na tunalisema vifua mbele.

YANAYOTUKWAZA

Paa la stesheni linavuja, lakini tumeshalizoea. Linalotunyima usingizi ni kwamba majaribio yanakwisha Jumamosi hii, na mpaka sasa hatujaambiwa kama treni itaendelea kusimama.

Kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwetu. Mzee mmoja, yumo humu, amevaa kofia ya buluu, ameng'oa miche ya miti ya mbao shambani kwake ili arudishe stroberi. Kabla hajafanya hivyo alikuja gatini akatuuliza, "Wanangu, hii treni itaendelea kusimama?" Tukatazamana. Kamanda akamjibu, "Panda, baba."

Hakuwa na kibali chako. Sisi sote tulikuwa pale na hakuna aliyemkanusha, kwa hiyo neno lile ni letu sote. Majirani wa mzee nao walisikia, wakapanda. Leo upande wa pili wa ziwa mashamba yameanza kuchanua, na kila ua limechanua kwa kutuamini sisi. Tunaona fahari, na tunaogopa.

OMBI

Tunaomba kitu kimoja tu: treni iendelee kusimama hapa.

Katika rasimu ya kwanza tuliomba pia paa, makoti ya mvua na choo. Kamanda akavifuta vyote. Alisema, "Tukiomba vinne watatupa choo, halafu treni itatupita tukiwa chooni."

Mheshimiwa, juzi ofisa wako wa itifaki alikuja kutupangia sherehe. Alituambia kwa wema kabisa, "Msiwe na wasiwasi, siku hiyo treni itasubiri mpaka mgeni amalize kuhutubia." Tulimshukuru kisha tukakataa. Alishangaa. Kamanda akamweleza, "Mwanangu, tumeshtakiwa kosa moja tu, kuchelewesha treni. Unataka tulifanye mbele ya hakimu?"

Kwa sababu hiyo risala hii tumeipima. Tumeisoma mara nyingi jikoni kwangu, tukapunguza maneno, ili iishe treni inapoingia. Kama hatukukosea, honi unayoisikia sasa ni yake.

Basi tunaomba radhi kwa utakayoyaona. Hawa waliosimama nyuma yangu kwa adabu wataondoka mbele yako wakikimbia, na Kamanda ataanza kupiga kelele. Tafadhali usinyanyuke kwa kudhani kuna hatari. Mzigo ni mwingi kuliko siku zote, maana wakulima walisikia unakuja. Tazama kreti, tazama na saa yako, uamue kwa hayo mawili. Hotuba yako tutaisikiliza kwa moyo wote treni ikishaondoka. Utuwie radhi kuiweka nyuma, lakini hotuba haiozi.

Mwenyezi Mungu akulinde katika njia zako zote, za maji, za barabara na za reli, akufikishe kwako ukiwa mzima na mwenye afya. Awabariki na wote wanaotungoja huko mwisho wa njia.

Ni sisi,
Wapakizi wa Gatini na Stesheni,
tulio kazini.