Migomba Iliyochanganyika

Deodatha alikuwa anamenya ndizi za jioni, kisu mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado mzito tangu alipokatwa titi la upande ule. Simu ikaita. Nesi: daktari anataka jibu kesho, atajiunga na utafiti wa dawa za dripu au hapana? Alipoweka simu, kijiwe cha kahawa barazani kwa Hatibu, ukuta mmoja na jiko lake hapo Chonyonyo, kilishajua yote.

— Titi limeshakatwa, dripu ya nini tena, Mama Mackrine? aliuliza Hatibu, mwenye duka na birika.

— Kuua mabaki, Baba Ilyas. Wengine wanapewa dawa ya kawaida, wengine wanaongezewa na mpya. Kompyuta ndiyo inapanga.

— Kompyuta! alidakia Kashaija, waliyemwita Daktari wa Redio. Hiyo inapendelea wenye magari.

— Wapi! alipinga Hatibu. Mpya wanajaribia sisi kina pangu pakavu.

— Basi ukipangiwa ya zamani, tafuta mwenzako mwenye mpya, mgawane nusu kwa nusu.

— Inaingia kwenye mshipa, Kashaija. Nimgawie na mshipa?

Walicheka. Kashaija hakucheka.

— Mbona migomba tuligawana? Bwana shamba alileta miche mipya ya kujaribu dhidi ya ugonjwa wa mnyauko, akampa huyu, akamnyima yule. Na sisi ni majirani! Alipogeuza pikipiki tu, tukabadilishana mipya na ya zamani.

— Ulikuwa uungwana, alisema Hatibu.

Nusra, mkwe wa Hatibu, mke wa Ilyas aliyeolewa juzi kutoka Tanga, alikuwa anakusanya vikombe.

— Mzee Kashaija, sasa ile mipya ilistahimili kuliko ya zamani?

Kashaija alitazama shamba lake ng'ambo ya barabara. Migomba mingine imesimama, mingine imekauka.

— Mingine ilistahimili.

— Ipi?

Hatibu akatikisa birika. Tupu. Hakuna aliyekuwa ameweka alama.

Deodatha alimenya ndizi ya mwisho. Ugonjwa huu ulimchukua mama yake, na yeye ana mabinti wawili. Kuna siku nao watauliza ipi. Akampigia nesi.

— Niandike. Nitakayopangiwa ndiyo hiyohiyo.

Akageukia kijiwe.

— Na asinifuate mtu huko na uungwana wake.

Giza lilipoingia alitandika majani ya mgomba, akapakua ndizi na maharage, akahesabu vichwa kama kila siku: Yustus mumewe, mama mkwe, watoto wanne.

— Mama, hujajihesabu, alisema Mackrine.

— Na mimi nipo. Kuleni.