Bi. Felicitas Tacsagon, Aliyeliona Tumbo Lake kwa Macho Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Crispulo Guillergan, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nimeombwa nisome kwa utulivu, nitajitahidi.

Dada yetu Felicitas alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Guimbal, mtoto wa pili kati ya sita wa marehemu Bernabe na marehemu Consorcia, mama aliyechoma matumbo ya kuku pembeni mwa soko, na Fely, kama tulivyomwita nyumbani, ndiye aliyeyapindua na kuyaosha kabla ya kwenda shule. Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea kazi za maabara mjini Iloilo, na tarehe 6 Juni 1983 akaajiriwa katika chuo cha udaktari, alikodumu miaka thelathini na tano.

Kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha koo, cha tumbo au cha utumbo, kukizamisha kwenye nta, kukikata kikawa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kukitia rangi na kukilaza juu ya kioo, ili wanafunzi wakichungulia kwenye hadubini waone tezi za tumbo zilivyochimbika kama visima, na vile vidole vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula. Walimu walitoa mihadhara, lakini aliyewaonyesha ni yeye, "Anzia juu kwenye utando, toto, shuka polepole, usirukie msuli," na madaktari wengi wa mkoa huu walifaulu mtihani kwa sauti hiyo.

Tarehe 12 Mei 1990 alifunga ndoa na Bw. Eutiquio Tacsagon, wakajaliwa watoto wawili, Lorena na Efren.

Februari 2018 tumbo lilianza kumuuma, akaenda kwa daktari aliyekuwa mwanafunzi wake, akaambiwa ni asidi, akameza vidonge miezi saba. Septemba alikatwa kipande cha tumbo, daktari huyohuyo akakisoma, akaandika hakuna saratani. Dada aliomba kioo chenye kipande hicho, akakitazama kwa hadubini yake, na katikati ya tezi akaziona seli zilizovimba kwa ute, viini vimesukumwa ukingoni kama jiwe la pete, seli za saratani alizokuwa amewaonyesha wanafunzi miaka yote.

Nilimsindikiza kwa daktari, akamwambia, "Naomba uangalie tena, ziko hapa," naye bila kuinua macho akajibu, "Manang," yaani dada mkubwa, "kazi yako ni kukata, kusoma tuachie sisi wenyewe."

Njiani nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. "Nikipiga kelele atasema nina hofu," alisema, "na hofu ninayo, lakini macho pia ninayo."

Januari 2019 kioo kilekile kilisomwa Manila, kwa dakika chache tu, saratani ikathibitishwa, ilikwisha kuenea, na tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, alifariki mikononi mwa Lorena.

Tunawashukuru madaktari wa Manila, wauguzi, majirani mliompikia uji wa mchele hata aliposhindwa kuumeza, na wenzake wa maabara.

Daktari aliyemwambia kazi yake ni kukata yumo humu kanisani, safu ya nne, amekuja na shada. Daktari, familia haina shukrani kwako, wala haikufukuzi, twende na dada kaburini kwa miguu kama sisi wengine, na kesho kazini, mtu akikuambia angalia tena, uangalie.

Dada, ulikuwa sahihi. Lala kwa amani.