Chambre Inayoangalia Ziwa

CÉLESTIN: Allô? Nani anaongea? Namba hii siijui.

APOLLINE: Ni mimi, Célé. Dada yako mukubwa.

CÉLESTIN: Yaya Apolline? Na hii namba ni ya nani?

APOLLINE: Ya bwana yangu Ézéchiel. Yangu ikilia haupokei. Muko aje kule Idjwi?

CÉLESTIN: Salama tu. Ni réseau ya simu, yaya, hapa kisiwani ni ya kuokota. Goma munaendelea? Batoto?

APOLLINE: Beko. Sikia, sina unités mingi mu simu. Ézéchiel amepata congé ku kazi. Tunataka kuja huko siku kidogo, tupumzike, tukule samaki mbele ya ziwa. Sasa nakuuliza wewe mwenye kukaa pale: tulale wapi?

CÉLESTIN: Kuja huku? Nyinyi?

APOLLINE: Kwani kisiwa ni yako?

CÉLESTIN: Hapana, ni— [anakohoa] Karibuni. Lakini wakati hii ni mvua tu, yaya. Muende Gisenyi. Toka pale Birere ni kuvuka mupaka tu, plage muzuri, hoteli za kutosha.

APOLLINE: Gisenyi naiona kila siku nikiwa ku meza yangu ya bitenge. Nataka Idjwi.

CÉLESTIN: Basi mulale kwa ba-soeur, bamasista ba ku misheni. Shuka safi, kelele hakuna.

APOLLINE: Na kula?

CÉLESTIN: Ba-soeur banapika. Ao ku soko, kuko mama mmoja wa ndizi na maharagi—

APOLLINE: Ndizi na maharagi tunakula kwetu Katindo. Nimesema samaki, Célé. Bénita alikuja huko na bwana yake.

CÉLESTIN: Bénita nani?

APOLLINE: Mwenzangu, tunauzisha naye Birere. Anasema balilala mu nyumba moja pale pale ku mchanga, iko na kibao mbele: "Chez Maman".

[Laini inakwaruza.]

APOLLINE: Célé?

CÉLESTIN: Niko. Pale hapana, yaya.

APOLLINE: Juu ya nini?

CÉLESTIN: Imbu. Mingi sana. Na choo yao—

APOLLINE: Bénita hakusema imbu.

CÉLESTIN: Mugeni wa siku moja ataona nini? Na chakula yao itawasumbua ku tumbo.

APOLLINE: Aliniletea cadeau ya safari. Sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa, ya kukaanga, imefungwa mu jani ya ndizi.

CÉLESTIN: Yaya, réseau inaanza ku—

APOLLINE: Imekaangwa na majani ya ndimu. Nilitia moja mu kinywa, nikakaa chini mbele ya banunuzi. Ni nani mwingine anakaanga sambaza na majani ya ndimu?

CÉLESTIN: Batu mingi.

APOLLINE: Ni mama yetu tu. Ile mukono wake naijua hata ukinifunga macho. Mama ule uliniambia haamuke tena ku kitanda, masikio yamekufa, hata ukimupa simu hasikie.

CÉLESTIN: Alipata nafuu.

APOLLINE: Lini?

CÉLESTIN: Hapa karibuni. Nilikuwa nataka kukuambia—

APOLLINE: Wacha uongo. Bénita iko na mapicha. Ile nyumba ni ya mama, véranda ni ile papa alijenga. Na ku meza za bageni kuko bitenge byangu, ile nilimutumia mama avae ku Noeli. Umeweka chupa za bia juu yake.

CÉLESTIN: Bageni banapenda rangi.

APOLLINE: Mama alivaa hata kimoja?

CÉLESTIN: Sikiliza, yaya. Vita ilipoingia Goma, huku kahawa ilikosa mununuzi. Nilibaki na nini? Nyumba, na mama mwenye kujua kupika. Na anapenda kupika. Muulize.

APOLLINE: Nimuulize na simu gani? Bénita alimuuliza kama iko na batoto. Unajua alijibu nini?

CÉLESTIN: Sijui.

APOLLINE: Alisema: "Niko na huyu kijana. Binti iko Goma, alishanisahau, hata sauti yake sisikie tena." Bénita ananihadithia, anamulaani ule binti, na mimi namutazama tu.

CÉLESTIN: Yaya—

APOLLINE: Nilikuwa nalia mu misa, Célé. Naombea masikio ya mama. Na wewe uko pale unajua yanasikia.

CÉLESTIN: Ungemuita Goma. Angesikia sauti yako siku moja tu, angefunga mizigo. Na mimi ningebaki na nini?

APOLLINE: Ndiyo maana ukamwambia mimi nimemusahau.

CÉLESTIN: Sikusema hivyo. Nilisema uko na kazi mingi.

APOLLINE: Mpe simu.

CÉLESTIN: Hayuko. Ameenda ku pirogue za bavuvi kuchagua samaki ya bageni.

APOLLINE: Na analala wapi?

CÉLESTIN: Nani?

APOLLINE: Mama. Byumba byote biko na bageni. Yeye unamulaza wapi?

CÉLESTIN: Mu jikoni. Kuko joto. Nilimuwekea matelas muzuri ya kulalia, yaya, mpya.

APOLLINE: Mungu wangu.

CÉLESTIN: Nisamehe.

APOLLINE: Kesho tunavuka ziwa na bateau ya asubuhi. Chambre ya mama, chumba ile inayoangalia ziwa, uniwekee.

CÉLESTIN: Iko na bageni, balishalipa—

APOLLINE: Batoke. Mama atalala ku kitanda yake, na mimi pembeni yake.

CÉLESTIN: Na shemeji?

APOLLINE: Ku kitanda yako. Wewe matelas ya jikoni unaijua, ni mpya.

CÉLESTIN: Sawa, yaya. Sawa. Na kula? Nimwambie mama atayarishe—

APOLLINE: Mama hatapika. Atakaa ku meza. Utapika wewe.

CÉLESTIN: Mimi sijui kupika samaki.

APOLLINE: Basi tutakula vibaya. Unités zinaisha. Na leo hii umwambie wewe mwenyewe, na kinywa chako, juu ya nini hakusikia sauti yangu. Nikifika nitamuuliza, na kama haujamwa—

CÉLESTIN: Allô? Yaya? [Laini imekatika.] Yaya, mama anakuja na samaki. Nianze na nini?