Doa Jekundu la Mzee Gharib

Barazani kwa Mzee Gharib, Mji wa Kale, kahawa hushuka na uongo hupanda. Kila alasiri wapo walewale: Gharib mwenye nyumba, Kamaludin, aitwaye Profesa kwa kuwa husoma gazeti kwa sauti, na Wekesa, aitwaye Kontena, dereva wa lori huko Shimanzi, karibu na bandari. Hucheza dhumna, na dhumna isiyobamizwa ubaoni si dhumna. Siku hiyo Gharib alicheza kinyonge. Aliporuhusu wanasayansi waweke mashine ya kupima mitetemo ya ardhi stoo kwake, nyuma ya baraza, alitembea kifua mbele mtaa mzima. Kumbe amejipalia makaa! Kwenye ramani inayochangiwa takwimu na nchi chungu nzima za Afrika, nyumba yake imekuwa doa jekundu, na mama mkwe mtarajiwa wa bintiye Nasiha ameliona doa hilo kwenye simu.

— Yuwasema hawaji, Gharib akalalama. Hataki mwanawe akae fungate nyumba inayotetema. Na harusi ni Ijumaa, jamani!

— Ni malori yetu hayo, mzee, alisema Wekesa akibamiza kete. Pa! Kontena likishushwa Shimanzi, sahani za mtaa wa Tononoka zinalia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Malori wapi! Kamaludin naye akabamiza. Pa! Bara lapasuka, bwana. Ufa watoka Ethiopia washuka hadi Msumbiji. Tutabaki kisiwa.

— Kwani sasa Mombasa ni nini? Wekesa akauliza.

— Basi kisiwa cha kisiwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bara likiinama, twateleza mpaka Omani!

— Basi kama si malori, mimi nasema ni nyangumi, Wekesa akakata shauri. Amenenepa, anajikuna mgongo chini yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nani, na mwanangu yuwalia ndani? Gharib alibamiza kwa hasira hata vikombe vikaruka. Paa!

Hapo akafika Awino, binti aliyeifunga ile mashine, kompyuta kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, Gharib akaitikia. Twambie, twazama lini?

— Hamzami, ardhi haina neno. Ila wenzangu wa Addis Ababa na Lilongwe wananiuliza kuhusu kituo hiki. Mtetemo unaanza baada ya alasiri, unakoma magharibi. Mvua ikinyesha, hakuna kitu.

Akautazama ubao, akautazama ukuta wa stoo. Mkono wa Kamaludin ulikuwa juu na kete yake, ukabaki hukohuko.

Gharib alifurahi nusura alie.

— Kwa hivyo doa litafutika? Wakwe watakuja?

— Hata kesho linafutika, mzee. Lakini niulize: mnaweza kucheza bila kubamiza?

Wekesa akainamia kikombe chake. Kamaludin akaishusha kete yake polepole, kama yai. Gharib alimpenda Nasiha kuliko roho yake, lakini kiganjani alikuwa na kete ya kumalizia mchezo.

— Kaa kwanza, mwanangu, akasema. Unywe kahawa.