Mama Hakufunga Kochi Bila Kuonyesha Ndani

Ndugu, majirani na marafiki, karatasi mlizogawiwa getini zinasema mama yetu amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, nawaomba mjipepee nazo, maana jua ni kali na karatasi yenyewe ni nene, inafaa kabisa kwa kazi hiyo, ila maneno hayo si ya kweli, aliyeyaandika ni Mjomba, kaka yake marehemu, ambaye nampenda na hapa alipo ananisikia, na mimi ninayesoma ndimi kitindamimba, niliyemwahidi mama kwamba historia yake nitaisoma mimi na nitaisoma yote, ugonjwa na jina lake, kwa hiyo anayetaka kununa na anune, viti vipo.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kati, mbele yake Mjomba na nyuma yake Mama Mdogo, baba yao alikuwa fundi wa viti vya mabehewa, na inasemekana mama alijifunza kusimama kwa kushikilia kiti cha daraja la pili kilicholetwa nyumbani kutengenezwa, akakikojolea, babu akalazimika kukivua kitambaa chote na kuanza upya, kwa hiyo alianza kuwapa mafundi kazi kabla hajajua kusema.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akaenda chuo cha ufundi, ambako mkuu wa karakana alimwambia kwamba wasichana hujifunza kushona nguo, jengo la pili kushoto, mama akamshukuru vizuri tu, akaenda hadi jengo la pili, akalizunguka, akaingia darasa la samani kwa mlango wa uani akiwa na nyundo ya babu mkononi, akakaa, na akaendelea kuutumia mlango huo mpaka wakachoka kumtoa, akahitimu Desemba 1977, picha ya mahafali ipo sebuleni kwetu, yeye ndiye mwenye sketi.

Mwaka 1978 aliajiriwa kiwanda cha samani, na mwaka 1991 akafungua karakana yake pale kona inayotazamana na kituo cha mafuta, kati ya fundi viatu na duka la rangi, watu wakamwita Fundi Springi, na wengi wenu hapa mnakalia kazi yake majumbani kwenu bila hata kukumbuka, wateja wake mnajua alikuwa na mtindo mmoja uliowaudhi wenye haraka, kochi likishaisha hakuligongea kitambaa cha chini mpaka mwenye nalo aje, apige magoti, aangalie ndani, aone springi, aone mikanda, aone sponji kama ni jipya au ni vipandevipande vya kudanganyia, ndipo alifunge, na ukimwambia Fundi mimi nakuamini, funga tu, alikujibu kwamba hata yeye anajiamini, lakini piga magoti.

Tarehe 3 Agosti 1985 alifunga ndoa na Baba, dereva wa lori la kiwanda, ambaye kwa mwaka mzima alidai mzigo wake hauwezi kukazika mpaka kamba ifungwe na yule dada wa makochi, mzigo wa magodoro jamani, ambao hata ukianguka hauvunjiki, wakajaliwa watoto watatu, Kaka ambaye ni fundi umeme, Dada ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mimi, ambaye hadi umri wa miaka thelathini nilikuwa natafuta kazi inayonifaa, kama mama alivyopenda kuwaambia wageni nikiwa nimesimama palepale.

Sasa nafika mahali ambapo Mjomba ameanza kukohoa. Agosti 2021 mama aliona uvimbe kwenye titi la kushoto, vipimo vikaonyesha ni saratani, tukakaa sebuleni familia nzima, na Mjomba, ambaye alifanya kazi posta maisha yake yote na anaamini kila jambo lazima liwe ndani ya bahasha, akaamua kwamba neno hilo lisitoke nje ya nyumba, watu watasema mengi, watamhesabu mama kaburini angali hai, tukaitikia wote, na mama kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza. Kosa letu, na nina hakika hakuna familia nyingine inayoweza kulifanya kwa ustadi kama wetu, ni kwamba tulikubaliana kudanganya lakini hatukukubaliana tuseme nini, Baba akawaambia watu ni presha, Kaka akasema vidonda vya tumbo, mimi nikasema mgongo, kwa sababu ya kuinua makochi, na Dada, ambaye uongo haumkai mdomoni, akasema mama amesafiri.

Mambo yakaenda hivyo hadi Oktoba, siku moja asubuhi wakakutana mlangoni mwa karakana jirani yetu wa mlango wa pili na chupa ya juisi ya kabichi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, fundi viatu na mkanda wa mgongo alioushona mwenyewe, mwenye duka la rangi aliyekuja kumkataza mama chumvi, na mzazi mmoja wa chekechea aliyetaka kujua Fundi anarudi lini safari, huku Fundi mwenyewe kakaa kwenye benchi lake, kilemba kichwani, springi mkononi, anawatazama, mimi nikatamani sakafu ipasuke niingie, lakini mama alicheka mpaka akashika mbavu, akazima redio, akawaambia jamani, nina saratani ya titi, mgongo mzima, tumbo zima, safari sijaenda, miaka yote hii sijafunga kochi bila mwenyewe kuangalia ndani, halafu mimi ndiye wa kugongewa misumari na wanangu, ila hiyo kabichi niachieni, nitakunywa. Walilia, wakacheka, fundi viatu akaurudisha mkanda wake kwapani, na jioni ile Mjomba akaondoka kwetu kabla ya chakula.

Lakini Mjomba huyohuyo, na hili naomba mlisikie vizuri, ndiye aliyekuwa anakuja kila alfajiri baada ya dripu ya dawa ya saratani, kumkorogea dada yake uji, kwa sababu uji wa Dada ulikuwa na mabonge na wa kwangu ulikuwa maji, akashika ndoo mama alipotapika, akamnyoa nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, na akamaliza yote hayo bila kulitaja neno saratani hata mara moja, alisema lile jambo, lile jambo limeamkaje leo. Baba aliendesha gari, Kaka alikaa naye wodini Januari 2022 titi lilipoondolewa, Dada alisimamia vidonge, na mimi zamu yangu ilikuwa kukaa naye chumba cha dripu.

Chumba hicho kina viti vya kuegemea, na kimoja pembeni ya dirisha kilikuwa kimebonyea hadi ukikikalia magoti yanakaribia kidevu, wagonjwa wakawa wanakikwepa, anayechelewa ndiye anakipata, mama akachelewa siku moja, akakaa, akanyanyuka, akakipindua pale pale mbele ya watu wenye mabomba mikononi, muuguzi mkuu akamwambia kile ni kiti cha hospitali na matengenezo yanahitaji kibali, mama akamwambia ombeni kibali, sisi tunashona, na kweli kibali kilifika kiti kikiwa kimeshaisha. Alitaka kunielekeza kazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto hawakuruhusu uguswe kwa sababu ya operesheni, ila dripu nayo ilikuwa huo huo wa kulia, kwa hiyo alielekeza kwa kidevu, na mimi nikavuta mikanda, nikafunga springi, alipoona nimezifunga vibaya akanifungulisha zote, akisema mgonjwa aliyechoka hastahili kukalia uvivu wako. Kitambaa alichagua cha njano, kilichobaki kwenye makochi ya bibi harusi mmoja, muuguzi alipouliza kwa nini si kijivu kama vingine, mama alisema kijivu ni rangi ya kufichia uchafu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi inayonifaa, na karakana ile pale kona haijafungwa wala haitafungwa.

Alipata nafuu, akafanya kazi miaka miwili, saratani ikarudi Septemba 2024 kwenye mifupa, na msiseme kwamba imemshinda, sitaki kulisikia hilo kwenye matanga haya, imemuua, ndiyo, lakini kumshinda ni jambo jingine na halikutokea, alifariki asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, kitandani kwake, Baba amemshika miguu kwa sababu alisema ndiyo yenye baridi.

Tunawashukuru madaktari waliomwambia ukweli bila kuzunguka, wauguzi wa chumba cha dripu ambao wamekuja leo na sare zao, fundi viatu na mwenye duka la rangi waliopokea wateja wetu kila tulipokuwa hospitali, na jirani wa mlango wa pili, ambaye kabichi yake haikutibu kitu lakini ilinywewa yote.

Nilikuwa niishie hapo. Asubuhi ya leo Mjomba alinivuta pembeni chumbani, mama akiwa amelala katikati yetu, akaniomba kwa mara ya mwisho nisome ile karatasi yake, na Mama Mdogo, aliyekuwa anakunja kanga pale, akamwambia Mjomba, Kaka, na mimi nina uvimbe, niliuona mwezi uliopita, nikawahi hospitali kwa sababu dada yetu alipiga kelele, daktari amesema bado ni mdogo na Jumanne naanza dripu, sasa niambie na mimi nimesafiri? Amenipa ruhusa kulisema hili mbele yenu. Mjomba alikaa chini, akatazama uso wa mama, akauliza, saratani? Mama Mdogo akajibu, saratani, Kaka, na Mjomba akasema basi Jumanne zamu ni yangu.

Mama, tumeangalia ndani, sasa funga. Kiti cha njano kipo dirishani, muuguzi amekishika kwa ajili ya mdogo wako, na Mjomba atakaa pembeni yake na chupa ya uji. Pumzika kwa amani, Fundi.