Mama Miavuli na Kiti cha Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Mwenye chungu jikoni apunguze moto. Na kama nyumbani kwenu kuna mwavuli uliovunjika ukarudi mzima, huenda ulipita mikononi mwa mtu tunayemkumbuka leo.

Tulimwita Mama Miavuli. Alikuwa fundi wa kutengeneza miavuli, na kazi yake aliifanyia chumbani mwake, kando ya dirisha la barabarani. Ametutoka kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nautaja ugonjwa mapema, maana kwenye mazishi watu waliuzunguka. Huyu kasema tumbo, yule kasema mambo ya kike. Mdogo wake akanivuta pembeni akaniambia, "Wewe una redio. Utaje kwa jina lake." Basi ni saratani ya mlango wa kizazi, wasikilizaji. Nimeutaja.

Huyo mdogo wake ni mwoka mikate. Wamezaliwa wawili tu, wote wa kike, na wazazi walikwishatangulia. Mama Miavuli aliolewa akiwa msichana, akafiwa na mume mapema, hakuolewa tena. Hakujaaliwa mtoto. Umama aliupata kwenye miavuli.

Halafu figo zake zikafa. Zote mbili. Akawa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi nyumbani akishika kuta. Mdogo wake akapimwa, akaonekana anafaa, akampa figo moja akabaki na moja. Ananisimulia hivi: "Nilipozinduka, neno langu la kwanza lilikuwa, dada amekojoa? Si salamu, si shukrani kwa Mungu. Amekojoa? Muuguzi akacheka, akasema amejaza chupa. Nikalala tena."

Figo ile ilimkubali. Alikuwa akimtania mdogo wake, "Figo yako ina tabia za kwenu huko kwenye mikate. Inaniamsha alfajiri kila siku."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mwili una walinzi wake, na walinzi hao hawajui undugu. Wakiona figo ya mtu mwingine, wataishambulia. Kwa hiyo aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kuwapunguza nguvu walinzi hao, siku zote za maisha yake. Figo inasalimika, lakini kinga inashuka. Narudia, kinga inashuka. Mafua yako wewe ya siku mbili, kwake yanaweza kuwa wodi.

Daktari akamwonya ajiepushe na misongamano na watu wanaokohoa. Mama Miavuli alishika neno hilo mpaka akapitiliza. Aliacha sherehe, aliacha misiba, aliacha hata kuketi barazani na majirani. Miavuli akawa anaipokea dirishani. Na nje ya mlango wake akaweka kiti cha mbao cha wageni. Mgeni anakaa nje, yeye yuko ndani, mlango uko wazi kidogo.

Hata mdogo wake alikalia kiti hicho. Kila Jumapili analeta mkate wa moto, anaupitisha dirishani, anakaa nje. "Tulizungumza kwa kupaza sauti," anasema, "mpaka mtaa mzima ukajua habari zetu. Na nikipiga chafya tu, ya unga wa ngano, dirisha linafungwa. Namwambia, dada, ni unga huu. Ananijibu, unga au mafua, vyote vinatoka puani."

Nilicheka aliponiambia. Kisha nikawaza miaka yote ile ya Jumapili, ndugu wawili na mlango katikati, na kicheko kikaniishia.

Rafiki yake wa ndani alikuwa redio. Nami namjua kwa sababu hiyo. Nilimpelekea mwavuli uliovunjika mpini, nikasalimia, akaitambua sauti yangu. "Kumbe una mwili," akasema. "Nilidhani wewe ni sauti tu. Halafu jioni unaongea mbio mno. Unakimbilia wapi?" Niliporudi kuuchukua, mpini ulikuwa mzima, na pia alikuwa ameziba vitundu ambavyo sikuvijua. Ndivyo alivyofanya kazi. Kila mwavuli aliufungua wote, akauinua kwenye taa, akatafuta mwanga unapopenya. "Mteja huleta ubovu anaoujua," alikuwa akisema. "Ule asioujua nautafuta mimi."

Lakini yeye alipokwenda kliniki, alipeleka figo tu.

Kliniki ya figo hakukosa hata siku moja. Akiulizwa hali, anajibu figo haijambo. Siku moja muuguzi akamwambia, "Mama, ukitoka hapa pita chumba cha wanawake, ukapimwe mlango wa kizazi. Wewe kinga yako iko chini. Usisubiri mpaka uumwe."

Na alikwenda, wasikilizaji wapendwa. Alikwenda mpaka mlangoni. Akakuta benchi limejaa, wanawake wamebanana bega kwa bega, na mmoja anakohoa kikohozi kizito. Akajifunika mdomo kwa kitenge, akageuka, akarudi nyumbani.

Jumapili akamsimulia mdogo wake kwa furaha, "Juzi nimeiokoa figo yako." Mdogo wake anasema, "Nikamsifu. Nikamwambia umefanya la maana, dada. Mimi huyuhuyu, kwenye kile kiti, nikampongeza."

Mama Miavuli alikuwa na hoja nyingine pia. Alisema huo ni ugonjwa wa wenye waume. "Humu ndani mwangu hakuna hata paka dume," akasema, "utanipata kupitia wapi?" Wengi wanafikiri hivyo. Kirusi kinacholeta saratani hii huambukizwa kwa kujamiiana, ni kweli. Lakini kinaweza kukaa kimya mwilini miaka na miaka, hata mume keshakuwa udongo. Mwenye kinga nzuri, mara nyingi mwili wake hukiondoa wenyewe. Kinga ikishuka, kinapata nafasi. Na mabadiliko yake ya mwanzo hayaumi. Hayaumi kabisa. Hayo ndiyo kipimo huyakuta, na yakikutwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani.

Muuguzi alipomuuliza tena kuhusu chumba cha wanawake, alijibu, "Nilikwenda."

Damu ilipoanza kumtoka, hakumwambia mtu. Alifua nguo zake, akazianika ndani. Jumapili akapokea mkate, akauliza habari za tanuri, akacheka panapochekesha. Mdogo wake alikuja kujua baada ya jirani kumkuta ameanguka mlangoni. Akamlaumu, kwa nini hukusema? Akajibiwa, "Nimeshachukua figo yako, mdogo wangu. Nikuombe na nini tena?"

Alipopimwa, saratani ilikuwa imesambaa.

Pale msibani nilisikia mzee mmoja akisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia. Mwanamke huyu alitii. Aliambiwa linda figo, akailinda kwa upweke wake wote. Kama kuna la kulaumu, tujiulize sisi tuliokuwa tukimpongeza kwa kujifungia. Nimeudhika, na nadhani mnasikia.

Wiki zake za mwisho alizimalizia nyumbani. Jumapili moja mdogo wake alifika, akapitisha mkate dirishani kama kawaida, akakaa pale nje. Akasikia sauti ndogo, "Lete kiti ndani."

"Nilidhani nimesikia vibaya," anasema. "Nikamwambia, dada, nina unga mwili mzima. Akasema, ingia na unga wako."

Akaingia. Akakiweka kiti kando ya kitanda. Wakaumega mkate pamoja, mkono kwa mkono, mara ya kwanza tangu ile operesheni. Mama Miavuli akauweka mkono wa mdogo wake tumboni, upande ilipo figo, akamwambia, "Nimekutunzia."

Na kweli aliitunza. Daktari aliwaambia kwamba figo ilifanya kazi vizuri mpaka mwisho. Mdogo wake aliniambia hivi: "Figo yangu iliishi. Dada ndiye aliyekufa."

Kwako mwoka mikate, pole. Pole sana, mama. Hukufanya kosa kumpenda. Pole pia kwa jirani wa ukuta wa pili, na kwa wateja. Miavuli yenu iko salama, njooni mchukue. Mingine hakuimaliza, ni mibovu vilevile kama mlivyoileta.

Na kwenu kina mama na mabinti ambao kinga zenu zimeshuka, nyinyi mnaoishi na virusi vya UKIMWI, nyinyi mliopandikizwa kiungo, nyinyi mnaotumia kwa muda mrefu dawa za kupunguza kinga. Nyinyi mnahitaji kupimwa mlango wa kizazi mapema zaidi na mara nyingi zaidi kuliko wengine. Hata kama huumwi. Hata kama unalala peke yako. Ukienda kliniki yako ya kawaida, uliza wewe: na kipimo hiki, je? Ukikuta benchi limejaa, usirudi nyumbani. Mwambie muuguzi hali yako, akupe nafasi ya kusubiri nje ya msongamano au akupangie saa yenye watu wachache. Na wewe mwenye dada, mwenye mama, msindikize. Ukae naye.

Jirani yake aliniambia jambo moja zaidi. Kila jioni, nikimaliza kipindi kwa kusema kaeni salama, alimsikia Mama Miavuli akijibu kwa sauti kule chumbani, "Tukijaaliwa, mwanangu." Mwanzoni jirani alidhani ana mgeni.

Miaka yote hiyo nilikuwa nafunga kipaza sauti na kukimbilia nyumbani. Leo sina haraka. Nitasema neno langu, halafu nitanyamaza kidogo, pale palipokuwa na jibu lake.

Kaeni salama.