Nicolasa Cepeda na Seji ya Amparo

Kabla hamjaambiwa Nicolasa alizaliwa lini, mtaambiwa kwanza alichofanyiwa. Tarehe 31 Oktoba 1988, siku ya kusafisha makaburi, wifi yake Herlinda Valdés, mwenyekiti wa kamati ya makaburi, aliingia hapa hapa mliposimama na panga mkononi, akaifyeka seji yote, kile kichaka cha maua mekundu kilichokuwa juu ya kaburi la Amparo, mtoto wa Nicolasa. Ilikuwa imechanua. Akaichoma pale ukutani, akamwaga simenti, akaipaka chokaa, akaenda zake kula. Hakumwomba mtu ruhusa. Na Herlinda huyo huyo ndiye alikuwa mama wa ubatizo wa mtoto. Dada mkubwa wa marehemu, Brígida, ndiye anayesoma karatasi hii, na habari hiyo hakutaka iwekwe katikati ambako watu huwa wanasinzia.

Haya. Marehemu Nicolasa Cepeda Dávila alizaliwa tarehe 6 Desemba 1943 hapa El Mimbral, katika milima ya Arteaga, mtoto wa tano wa Crescencio Cepeda na Tecla Dávila. Alizaliwa asubuhi ya jalidi. Hakulia. Alifumbua macho akatazama dirishani, akabaki anatazama. Mkunga akasema, "Huyu amekuja, lakini hajafika." Na ndivyo alivyoishi. Ukimtuma maji unamkuta kando ya njia, ndoo tupu, anamwangalia nyuki anavyohangaika na ua, na jua limeshampita kichwani bila yeye kujua.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1951, akaishia darasa la tatu mwaka 1954. Brígida aliishia la pili, kwa hiyo asicheke mtu. Siku moja mwalimu alimsimamisha akamuuliza saba mara nane. Nicolasa akajibu, "Mwalimu, ua la seji linapiga."

"Linapiga nini?"

"Linapiga mgongo."

Akatoa ua jekundu mfukoni na unyasi mmoja. Akausukuma unyasi ndani ya koo la ua, na humo ndani vijiti viwili vikainama taratibu, vikaugusa unyasi kwa juu, vikauachia unga wa njano. "Nyuki akiingiza kichwa anapigwa kofi dogo la mgongoni," akasema, "halafu anaupeleka unga kwa ua jingine na hajui kama amebeba." Darasa zima likataka kujaribu. Mwalimu naye akajaribu. Saba mara nane, marehemu hakuijua mpaka anaingia kaburini.

Tangu ana miaka kumi na tano alichuma matofaa kwenye mashamba ya watu na kuyapanga kwenye makasha, mpaka mwaka 1994 mgongo ulipokataa. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa. Kazi yake hasa ilikuwa uani kwake. Mnajua kijiji hiki mwanamke anapimwa kwa uwanja wake, ufagiwe kabla ya chai, unyunyiziwe maji, usionekane hata ujani. Sasa Nicolasa aliacha kona nzima ya udongo mtupu bila kufagia, ati wapo nyuki wanaochimba mashimo yao pale. Na seji ikikauka vuli hakuigusa. Vijiti vikavu vilisimama majira yote ya baridi kama ufagio uliopinduliwa.

Wanawake walimpitia pale ukutani. "Nicolasa, nyumbani kwako fagio limekufa?"

"Halijafa. Limelala."

"Na wewe?"

"Mimi niko macho. Nyuki wadogo walio ndani ya vijiti ndio wamelala. Ongeeni polepole."

Alikuwa na seji zake nyekundu karibu na mlango, za zambarau chini ya dirisha, na nyeupe chache kisimani. Alizipanda kwa vipande vya shina, kwenye makopo ya pilipili. Mbolea alizinyima, maana alisema seji ukiinenepesha inatoa majani na kiburi, maua hakuna. Sahani ya maji aliwawekea nyuki, na vijiwe ndani wasizame. Na mkasi hakuutoa mpaka mwisho wa Februari, jalidi kali imeshaondoka. Hapo alikata theluthi moja, basi. Ukiikata vuli baridi inateremka na kijiti mpaka kwenye mzizi. Aliwaambia hivyo watu wote, na watu wote wakaendelea kufagia. Lakini ukikaa uani kwake saa nne asubuhi, mwezi wa tisa, ndege wavumaji, wale wadogo wanaonyonya maua, wameshuka na safari yao ya kwenda kusini, hewa yote inatetemeka, nyekundu inayeyuka ndani ya zambarau, na unasahau ulikuja kuazima nini. Brígida alienda mara nyingi kuazima chumvi akarudi bila chumvi.

Tarehe 8 Mei 1965 alifunga ndoa na Evaristo Valdés, mtu mpole kupita kiasi. Walijaliwa watoto watatu: Rosendo, Delfina, na Amparo, aliyezaliwa 1976. Amparo alimfuata mama yake kwa kila kitu. Alikuwa ananyoosha kidole mbele ya ua anangoja nyuki akikanyage, na nyuki walikikanyaga, na hawakumuuma hata siku moja. Tarehe 9 Machi 1980 homa ilimchukua, ana miaka mitatu na nusu, barabara ya kwenda hospitali Saltillo imefungwa na theluji. Nicolasa hakupiga kelele. Ardhi ilipolainika alileta vipande vya seji ile ya mlangoni, akavipanda juu ya kaburi. Kwa miaka minane vikawa kichaka cha kufika kifuani. Aliyepita hapa wakati wa maua alisikia kaburi linavuma, na Nicolasa alikaa pembeni na sindano zake za kufuma, akasema, "Anapumua."

Hicho ndicho Herlinda alichofyeka.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, siku ya kuwakumbuka watoto waliokufa, Nicolasa alikuja na maua ya mtoto wake na tamale tamu, zile za mahindi za kufungwa kwa maganda. Akakuta simenti nyeupe. Na juu ya simenti kulikuwa na ndege mvumaji mmoja aliyechelewa safari. Alikuwa amesimama hewani, urefu wa kifua, pale pale ua lilipokuwa juzi. Anadonoa hewa. Anasogea kidogo kushoto, ua jingine, anadonoa hewa. Alizunguka kichaka kizima ambacho hakipo, halafu akaondoka.

Herlinda akaja na ndoo ya chokaa. "Wifi, nimekusafishia. Lilikuwa limegeuka maficho ya nyoka."

Nicolasa akasema, "Asante, wifi."

Asante! Brígida alikuwa nyuma na sinia, karibu alitupe. Evaristo naye akasema, "Ni dada yangu, nifanyeje?" Basi marehemu alisamehe pale pale, na Brígida akabaki na kazi peke yake. Hakusema na Herlinda tena. Kanisani padri akisema tupeane amani, Brígida aligeuka akapeana mkono na benchi.

Mwaka 2016 moyo wa Nicolasa ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, daktari akampa vidonge na kumkataza kuinama. Alikaa kwenye kiti dirishani, anasinzia na kuamka, na hakujali sana tofauti yake. Alisema anatembea kwenye seji ndefu kuliko kanisa, unga wa njano unamwangukia mabegani, na mtoto anatangulia mbele lakini hageuki. Akawaambia wanawe, "Nizikeni kwa Amparo. Ila hiyo simenti mimi siiwezi. Msinifunike." Sasa kaburi la simenti halifunguliwi bila mwenyekiti kukubali, na mwenyekiti ni yule yule. Rosendo alimwogopa shangazi yake. Brígida aliapa kwamba kumwomba Herlinda, bora ambebe Nicolasa mgongoni arudi naye nyumbani.

Tarehe 26 Februari mwaka huu, seji haijakatwa kwa kuwa hakuna wa kuinama, mlango ukagongwa. Herlinda. Miaka themanini na mmoja, mkasi wa bustani mkononi.

"Wifi, nikate wapi?"

"Theluthi moja tu. Hapo juu."

Brígida akasema na sufuria, kwa sauti, "Muulizeni kama panga amelisahau."

"Brígida, ulimi wako haujaota kutu tu?"

"Unatumika," Brígida akaiambia sufuria.

Herlinda akainama akakata. Polepole, kama anamkata mtoto nywele. "Na hivi vya chini, vikavu?"

"Viache. Wamelala."

Akaviacha. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Tangu mume wangu Lázaro afe ninakaa pale kaburini kwake kila siku. Mwaka mzima, wifi. Nilimwekea simenti nzuri, naipiga deki. Hata nzi hatui. Ndege wanapita juu, wanakuja kwako."

Nicolasa akamwambia, "Mimi nitalala kwa Amparo."

Herlinda akanyanyuka. Alikusanya vijiti alivyokata, akavifunga kwenye aproni yake, akaondoka. Brígida akajua anakwenda kuvichoma, kama kawaida yake.

Nicolasa aliaga Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake. Dirisha lilikuwa wazi. Vipepeo wa rangi ya chungwa walikuwa wanapita na safari yao, wengi kiasi kwamba ukuta ulionekana kama unasogea. Aliwatazama, akabaki anatazama.

Jana, Jumatano, Brígida alikuja hapa peke yake kuona wapi patachimbwa, na maneno aliyokuwa amemwandalia Herlinda hayafai kusomwa mbele ya padri. Akakuta mlio wa chuma. Herlinda amepiga magoti juu ya simenti yake, nyundo mkono huu, tindo mkono huu. Wachimba kaburi wamesimama wanamwangalia, amewakataza wasimguse.

"Kwa umri huo utapasuka wewe kabla ya simenti," Brígida akamwambia. Miaka thelathini na mmoja kasoro wiki mbili, na hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia yeye mwenyewe.

"Basi watachimba mawili."

"Hawatachimba. Mstari huu ni wa watu."

Herlinda akagonga. "Nilidhani nasafisha, Brígida."

"Najua ulichodhani. Gonga."

Brígida akakaa kwenye kaburi la jirani, akamtazama mpaka bonge la mwisho. Hakumpa maji. Saa saba mchana udongo ulionekana, mweusi, umelowa kidogo, kama ulikuwa unangoja. Herlinda akaenda kwenye toroli, akafunua gunia. Makopo ya pilipili ishirini, na ndani yake vile vijiti vya Februari, vimeota mizizi, vimechanua. Alipoinua la kwanza, ndege mvumaji akaja akasimama mbele ya ua, kopo liko bado mikononi mwake. Herlinda hakuthubutu kulishusha. Alisimama hivyo, machozi yanamshuka, na hana mkono wa kuyafuta.

Marehemu ameacha mume, Evaristo Valdés. Watoto wawili, Rosendo na Delfina. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Dada yake Brígida, ambaye hajasamehe, kusamehe ilikuwa kazi ya Nicolasa. Na wifi yake Herlinda Valdés, ambaye mpaka jana saa saba mchana jina lake halikuwemo kwenye orodha hii ya walioachwa.

Pumzika taratibu, Nicolasa. Hapa hakuna atakayefagia.